Mwanamume Aliyejua Kukaa

Tuseme ukweli mapema ili tusisumbuane: siku ile mjinga alikuwa Lowell Pruett, na mwenyewe hakatai. Muulize leo, atacheka kabla hujamaliza swali.

Ujinga wenyewe haukuanzia majini. Ulianzia mezani, Jumanne jioni, mbele ya nyumba-trela ya Maurine pale kando ya ziwa, Lowell akiwa na ubavu wa nguruwe wa kuchoma mkononi na mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Maurine alikuwa akimweleza habari za kidude kilichoegemezwa ukutani: ubao mfupi mpana, juu yake kiti kidogo kama cha baa kilichokatwa miguu, chini yake nguzo ya alumini yenye urefu wa hatua moja, na mwishoni mwa nguzo mabawa mawili ya chuma, moja kubwa na moja dogo.

"Kwa hiyo unakaa tu?" Lowell aliuliza.

"Unakaa. Unafunga mkanda kiunoni, unachomeka miguu pale mbele, boti linakuvuta. Mwendo ukikolea, mabawa yanakuinua. Ubao wote unatoka majini, unabaki unapaa."

"Bibie, nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Kama kuna mtu duniani anayejua kukaa, ni mimi. Kesho nipe hicho kiti."

Shawna, binti wa Maurine, alikuwa anakunywa chai ya barafu. Ilimtoka puani.

"Mzee," alisema akijifuta, "hicho kiti kimewameza wenye maringo kuliko wewe."

"Najua," akasema Lowell.

Neno hilo ndilo lililokuwa ugonjwa wake. Maurine alilisikia siku ile ile ya kwanza walipokutana, mwaka uliopita, katika maegesho ya malori mjini Kingman. Kazi ya Maurine ni kubadilisha vioo vya magari, na kioo cha mbele cha lori la Lowell kilikuwa kimepigwa na jiwe kikapasuka mstari kutoka pembe hadi pembe. Akapanda ngazi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye nywele za kijivu zilizofungwa kwa raba, akatoa kioo kibovu, akapaka gundi, akaweka kipya. Akamwambia, "Gundi bado mbichi. Leo usibamize mlango." Lowell akajibu, "Najua," akapanda, akaubamiza mlango hadi kioo kikacheza. Maurine akamtazama, akarudi juu ya ngazi, akaanza kazi upya. Hakumtukana. Lowell aliendesha hadi Amarillo akiyawaza macho yale, na alipofika huko akatafuta simu ya barabarani, akampigia.

Tangu hapo amemchumbia mara tatu, zote kwa simu. Mara ya tatu Maurine alisema, "Mimi sijibu jambo kama hilo kwenye waya. Njoo ziwani Aprili, ukae siku nne. Nikuone ukiwa umeamka vibaya. Jumamosi nitakupa jibu."

Basi Jumamosi ndiyo hii, na Lowell Pruett yu hoi.

Ziwa lile lina saa zake. Wenye kupaa huamka kukiwa bado na giza, kwa sababu maji hulala kama kioo hadi saa mbili tu. Baada ya hapo huja vijana na maboti yao yenye muziki, yakavuruga kila kitu. Kwa siku tatu Lowell alikuwa ameamshwa saa kumi na moja, akavishwa suti ya mpira iliyombana kama soseji, akaingizwa kwenye maji ya Aprili ambayo hayana huruma na mtu wa miaka hamsini na saba. Kwa siku tatu alikuwa ameanguka kulia, ameanguka kushoto, ameanguka chali na kifudifudi. Mara moja alianguka juu: mabawa yalichomoka majini yote pamoja naye, akaning'inia hewani akiwa amefungwa mkanda, akapata nafasi ya kufikiri, kisha akashuka.

"Mara ya thelathini na moja," Shawna alisema kutoka kwenye usukani, Lowell alipojitokeza tena. "Siwezi kusema hujitahidi."

"Unavuta kamba, Lowell," Maurine alimwambia kila mara. "Usivute. Nyoosha mikono, inama mbele, acha boti lifanye kazi."

"Najua."

Akavuta. Akaanguka.

Faraja ilikuwa moja tu. Sheria ya pale inataka watu wawili botini: mmoja anaendesha akiangalia mbele, na mwingine anakaa amegeuka nyuma, haruhusiwi kuondoa macho kwa anayevutwa. Shawna ndiye aliyeendesha. Maurine ndiye aliyegeuka. Kwa hiyo kwa asubuhi nne mfululizo sheria ya jimbo la Arizona ilikuwa imemwamuru mwanamke anayempenda amtazame bila kupepesa, na yeye alichomwonyesha ni nyayo.

Jumamosi alianguka mara tatu kabla jua halijagusa milima ya upande wa California. Baada ya mara ya tatu hakuinua mkono kuonyesha kuwa ni mzima. Alielea tu, kidevu juu ya jaketi lake la kujiokolea, akiwa amekaa ndani ya maji kama mtu aliyesahauliwa kwenye kituo cha basi.

Boti lilimkaribia polepole. Maurine aliinama ukingoni na kifuniko cha chupa ya chai chenye kahawa.

"Kunywa."

"Bibie, nimechoka."

"Naona."

"Huoni. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Hata kope zinaniuma. Nilipokuwa kijana nilishusha viazi tani ishirini kwa mikono, na sikuchoka hivi."

"Viazi vilikuwa havikutazami," Shawna alisema bila kugeuka.

Maurine alimsogezea nywele zilizomganda usoni. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo meupe ya vioo vya miaka mingi, na vilikuwa na joto la kahawa. Vilikaa pale kwenye paji la uso kidogo kupita lazima. Lowell alifumba macho. Alikuwa tayari kulala pale pale, majini, chini ya mkono ule, watu waje wamchukue kesho.

"Mara moja tu," Maurine akasema kwa sauti ya chini. "Ukikataa, sitasema kitu. Tutarudi tukaange mayai."

"Mikono haina nguvu tena. Siwezi hata kushika sawasawa."

"Afadhali. Hiyo mikono yako ndiyo adui yetu tangu Jumatano."

"Naj..."

Alilimeza. Alikuwa amechoka mno hata kwa neno fupi kama lile.

Maurine alimtazama, na kitu kikapita usoni pake, kitu kidogo kama cheko ambalo halijapata ruhusa. "Usiangalie maji," akamwambia. "Niangalie mimi."

Kamba ikanyooka. Shawna akasukuma mafuta taratibu, kwa mkono ambao, hata angekuwa amekununia vipi, ulikuwa mkono wa dereva mzuri. Maji yakamjaa Lowell kifuani. Kila siku hapa ndipo alipopambana: alijivuta, alijikaza, aliuma meno. Leo hakuwa na cha kupambania. Mikono ilinyooka yenyewe kwa sababu haikuwa na uwezo wa kufanya kingine. Mwili ukainama mbele kama wa mzee anayesinzia kanisani. Ubao ukapanda, ukakaa juu ya maji ukipiga makofi, pa pa pa pa, nao mkia wa boti ukawa mbele yake, na juu ya mkia ule macho ya Maurine.

Aliyaangalia. Yalikuwa ya rangi ya mchanga uliolowa, na chini yake kulikuwa na mikunjo ya mwanamke ambaye naye aliamka saa kumi na moja siku nne mfululizo kwa ajili ya mtu mwingine. Yeye pia amechoka, Lowell aliwaza. Siku zote hizi nimejihesabia uchovu wangu peke yangu.

Kisha makofi yakakoma.

Kwanza alidhani amezama. Kulikuwa na ukimya, ukimya kabisa, na hakuna kilichomgonga tena mahali popote. Alikuwa juu. Chini yake ile nguzo ilikuwa inakata maji bila povu, kama kisu kwenye siagi, naye alikuwa amekaa. Amekaa tu! Upepo ulimkausha midomo. Mgongo wake, ule mgongo uliomnyima usingizi majira yote ya baridi, haukusema neno.

Maurine alikuwa amesimama. Hakupiga makofi, hakupiga kelele. Aliweka mkono mdomoni, na macho yake yakang'aa kwa namna ambayo Lowell hakuwahi kuiona kwenye kituo chochote cha malori kati ya Omaha na bahari.

Hapo mjinga wetu akataka kusema kitu. Akavuta pumzi ya kusemea. Akavuta pumzi kubwa, kifua kikarudi nyuma, na mtu akirudisha kifua nyuma kwenye kiti kile anakuwa ameyaambia mabawa yapande. Yakapanda. Yakatoka majini yakametameta juani, Lowell akiwa juu yake, na neno lake la mapenzi likageuka kuwa mlio ambao hauandikiki.

Alipoibuka alikuwa amelala ubavu, kiti bado kimemkumbatia kiunoni, maji puani, kidevu kinawaka. Boti lilikuwa limekwenda mbele, likageuka. Maurine aliinua bendera ya rangi ya chungwa ili wengine wajue kuna mtu majini. Lowell akainua mkono: mzima.

Lakini boti halikuja. Injini ilizimwa.

Watu waliokulia kwenye maboti wana kosa lao moja. Wamezoea kuzungumza kwa kupiga kelele juu ya injini, na injini ikizimwa wanasahau kupunguza sauti. Na maji yakiwa kioo, maneno husafiri juu yake kama yametelezeshwa mezani. Lowell alikuwa mbali, urefu wa malori matatu, na alisikia hata ufunguo ulipozungushwa.

"Kabla hatujamfikia, tuongee," Shawna alisema.

"Anapata baridi."

"Ana suti. Mama, leo ni Jumamosi. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia yeye, na yeye ndiye atakayesikia."

"Umemwona anavyoamka asubuhi? Anashika ukuta. Anadhani tumelala. Anashika ukuta, anashika kabati, anasimama pale kwanza anahema."

"Nimemwona."

"Miaka mitano, mama. Haizidi mitano utakuwa unamvalisha soksi."

"Nimevalisha watu soksi. Nimekuvalisha wewe."

"Mimi nilikuwa na miaka miwili!"

"Na ulikuwa unapiga mateke."

"Usinifanyie mzaha, nazungumza mambo ya maana. Mwanamume anakuja na lori, anakula, anacheka, kila ukimwambia kitu anajibu 'najua'. Baba naye alikuwa anajua kila kitu. Ulisahau?"

Lowell aliiona bendera ikishuka kidogo, kisha ikainuliwa tena.

Angeweza kunyamaza. Angejifanya maji yamemwingia masikioni, na jambo lake lingebaki lilipofichwa. Alikuwa amelificha tangu Februari, na alikuwa amelipangia siku yake: akubaliwe kwanza, ndoa ifungwe, halafu siku moja, kwa uangalifu, alitoe. Lakini kuficha nako ni kazi, na yeye asubuhi ile nguvu za kazi zilikuwa zimekwisha.

"Shawna anasema kweli!" akapaza sauti.

Vichwa viwili vikageuka botini.

"Mungu wangu," Shawna akasema. "Anatusikia?"

"Tangu kwenye ukuta na kabati!"

"Lowell," Maurine akaita, "umeumia?"

"Kidevu. Sikiliza, Maurine. Nilienda kwa daktari Februari. Pingili mbili za mgongo zimekwisha. Ameniambia niache lori kabla ya mwaka kwisha. Nilikuficha. Nilitaka unikubali kwanza, kisha nikwambie." Wimbi dogo likamziba mdomo, akatema. "Basi. Ndiyo hiyo."

Ndege fulani mweusi alipita chini chini juu ya maji, akatua, akazama.

"Umesikia, mama?" Shawna alisema, na sauti yake haikuwa ya ushindi. "Umemsikia kwa kinywa chake? Huyu hatafuti mke. Anatafuta nesi."

"Sitafuti nesi!" Lowell alijibu. "Kama ni nesi, bima yangu inalipa. Natafuta mahali ambapo nikifumbua macho asubuhi sijiulizi niko mji gani. Na nikigeuka, awe yeye. Kama hataki, nivute hadi ufukweni tu, Shawna, nitapakia mizigo yangu. Wala sitakuwa na kinyongo na wewe. Unaendesha vizuri."

"Usinisifu!"

"Sikusifu. Nakwambia."

Maurine alikuwa amekaa. Kwa umbali ule Lowell hakuweza kuusoma uso wake, na ndilo lililomuuma kuliko kidevu: siku ya kwanza kati ya zote ambayo mwanamke yule hakuwa akimtazama. Alikuwa akiangalia magoti yake.

"Februari," akasema hatimaye. "Lowell Pruett, hiyo Februari tutaizungumza mimi na wewe, mlango ukiwa umefungwa, na hutaipenda."

"Sawa."

Sawa. Hakusema najua. Hakuna aliyemsifu kwa hilo.

"Mama." Shawna alikuwa ameachia usukani. Alisimama katikati ya boti, mikono imening'inia, mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye mabega ya mama yake. "Baba alipoondoka nililala sakafuni kando ya kitanda chako miezi minne. Nilikuwa nasikiliza kama unapumua. Niliacha chuo. Nilikupikia supu ukaitazama mpaka ikapoa, nikaipasha, ukaitazama tena. Sikuwahi kulalamika, nalalamika leo. Mimi siwezi tena, mama. Huyu akikufia, au akikuchoka, au akikuacha na soksi mkononi, mimi siwezi kulala tena kwenye ile sakafu."

Na pale majini Lowell, aliyekuja ziwani akidhani adui yake ni msichana mwenye ulimi mkali, aliona alikuwa mjinga mara mbili. Yule hakuwa adui. Alikuwa mlinzi wa zamu ndefu ambaye hakuna aliyekumbuka kuja kumpokea.

Maurine aliweka bendera chini, jambo ambalo haliruhusiwi. Akaenda kwa binti yake, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Akakaa hivyo muda mrefu, mpaka Lowell akaanza kutetemeka na akauma meno yasigongane, asije akawaharibia.

"Nilijua uko sakafuni," Maurine alisema. "Kila usiku nilijua. Ndiyo maana nilikuwa napumua."

Shawna alilia sasa, kwa hasira, akijifuta kwa mkono wa jaketi.

"Lakini atakuumiza," alisema. "Mama, ataku..."

"Labda."

"Na nani atakuangalia?"

"Shawna, mwanangu, umenilinda miaka kumi, na umenilinda vizuri," Maurine akasema. "Zamu yako imeisha. Sasa washa boti, mchumba wangu anapata baridi."